Baba ni dereva wa lori la masafa? Afya yake inaanzia nyumbani

Msomaji mmoja wa Kimara, mama wa watoto watatu, ameniandikia wiki hii. Mume wake anaendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Safari iliyopita ilichukua mwezi na siku kadhaa. Mzee alirudi miguu imevimba, mgongo unamuuma, na alipopimwa presha kwenye duka la dawa la mtaani ikasoma 168 kwa 102. Jumatatu anapakia tena. Mama huyu anasema kumzuia hawezi, maana ada za shule na kodi ya nyumba vinatoka humo humo. Anachouliza ni kimoja tu: amfungie nini kwenye begi?

Ni swali zuri, na haliko Kimara peke yake. Liko Mbagala, Kibaha, Chalinze, Makambako, Tunduma, na kila nyumba ambayo siku zinahesabiwa kwa kuitazama simu. Kutoka Dar hadi Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900. Hapo dereva ameshapita mizani kadhaa, Hifadhi ya Mikumi, mlima Kitonga na baridi ya Mafinga, na bado ana Zambia mbele yake na foleni ya Kasumbalesa kabla hajaingia Kongo.

Foleni ya mpakani na haraka ya mwenye mzigo haviko mikononi mwa familia. Lakini yapo mengi ambayo mke, mume na watoto wanaweza kuyapanga kabla injini haijawashwa.

Kabla ya begi, presha

Kipimo kimoja cha duka la dawa hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa wa shinikizo la juu la damu. Presha hupanda pia kwa uchovu, kwa kukosa usingizi, hata kwa kutembea haraka kuwahi foleni. Lakini 168 kwa 102 si namba ya kuondoka nayo bila kuonana na daktari. Kuanzia 140 kwa 90, ikijirudia kwa siku tofauti, hiyo inahesabiwa kuwa presha ya juu. Kwa hiyo kabla ya Jumatatu mzee aende kituo cha afya, akae ametulia dakika tano, apimwe upya, na apimwe sukari hapo hapo.

Akiandikiwa dawa, hesabuni siku za safari kisha ongezeni za wiki mbili. Safari ya wiki tatu inaweza kugeuka ya tano gari likiharibika au mpaka ukijaa, na dawa ikimwishia Kapiri Mposhi hakuna wa kumpelekea.

Zigawanyeni sehemu mbili: nusu kwenye mkoba anaoshuka nao kila mahali, nusu kwenye begi la nguo. Kabini ikivunjwa usiku, anabaki na kitu. Zisikae juu ya dashibodi, kwa sababu joto la pale linaharibu dawa. Pigeni picha ya cheti cha daktari na ya boksi la dawa, ikae kwenye simu yake na yako.

Kuna jambo madereva wengi hawalisemi. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe mara kwa mara. Dereva akiona zinamsimamisha njiani, anaziacha kimya kimya mpaka arudi nyumbani. Asifanye hivyo. Amwambie daktari wazi kwamba kazi yake ni kuendesha, ili aone kama dawa ibadilishwe au ipangiwe saa nyingine.

Anayechoma insulini aiweke kwenye chungu kidogo cha udongo kilichofungwa kitambaa kibichi, mahali pasipo na jua. Awe pia na glukosi au sukari karibu na mkono. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuona kiwi, apaki kwanza, ale sukari, asubiri hadi arudi sawa kabisa ndipo aondoke.

Na dalili hizi utingo naye azijue: maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla na vikali, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kutoka yamevurugika. Hapo hakuna cha kusubiri kufika mji mkubwa. Ni hospitali iliyo karibu, muda huo huo.

Chakula: usimlaumu, mpangie

Ni rahisi kumwambia dereva ale vizuri. Ni vigumu yeye kufanya hivyo saa tatu usiku akiwa na njaa na kilichopo mbele yake ni chipsi mayai na soda baridi. Hiki ndicho chakula kinachofanya tumbo litangulie mwili ndani ya miaka michache ya kazi.

Habari njema ni kwamba barabara yetu ina neema. Chalinze kuna mananasi, Morogoro kuna ndizi na machungwa, Ilula nyanya zimepangwa kando ya lami, na ukifika Makambako parachichi ni la kumwaga. Akinunua matunda mchana, usiku hatatafuta soda.

Kwa mama lishe, aombe maharage au samaki, mboga ya majani sahani nzima, na ugali upungue kidogo. Nyama choma iwe ya siku moja moja. Chumvi ya mezani aiache mezani: mtu mzima hatakiwi kuzidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na supu ya barabarani peke yake inaweza kuimaliza hesabu hiyo.

Cha kumfungia nyumbani ni vile visivyoharibika: karanga zilizokaangwa bila chumvi, dagaa wakavu waliosafishwa, unga wa uji, maharage makavu kama wana jiko dogo la gesi. Wali uliopikwa asubuhi usisafiri kwenye kabini yenye joto hadi jioni. Chakula kilichopikwa kikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, vijidudu vinaanza kuzaliana hata kama bado kinanukia vizuri. Tumbo la kuendesha likimshika mtu kwenye foleni ya kilomita nyingi, hakuna anayecheka.

Wakipika wenyewe, wapike nje ya gari, mbali na matangi. Wanaobeba mafuta wasiwashe moto kabisa karibu na gari. Hatujasahau Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka wakati watu wakichota mafuta. Kwa dereva somo lake ni hili: tangi likivuja, ondoka, ondoa watu, piga 112 au 114.

Maji yasipunguzwe kwa kuogopa kukojoa

Madereva wengi hunywa maji kidogo makusudi ili wasisimame. Matokeo yake ni kichwa kuuma, choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo na hatari ya mawe kwenye figo. Kipimo cha haraka ni rangi ya mkojo. Ukiwa mweupe au wa njano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa wa njano iliyoiva kama chai ya rangi, anywe.

Mpe dumu la lita 10 la maji safi kutoka nyumbani na vidonge vya kutibu maji kwa ajili ya mbele ya safari. Ongeza pakiti nne au tano za ORS. Akiharisha, anaanza kuinywa hapo hapo, na kuhara maji mfululizo kama ya mchele kunampeleka kituo cha afya bila kuchelewa, maana hiyo huenda ni kipindupindu.

Usingizi hauna ujanja

Lori zito halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde nne tu, lori ambalo pamoja na mzigo linaweza kufika tani 56 limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe. Huo unakaribia urefu wa uwanja wa mpira.

Mwili una saa zake za kudai usingizi: kati ya saa 8 usiku na alfajiri, na tena mchana kati ya saa 8 na saa 10. Hizo ndizo saa za kupaki, si za kukomaa nazo. Akianza kupiga miayo mfululizo, akikosa kukumbuka kibao alichopita au tairi likigusa kingo ya lami, mwili umeshasema. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakutibu usingizi.

Kinachosaidia ni kupaki mahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala dakika 20 hivi kabla kahawa haijaanza kazi. Akiamka, ashuke, azunguke gari, anawe uso, ndipo aendelee. Hii ni ya kumfikisha kwenye maegesho. Haichukui nafasi ya usingizi wa usiku.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinaficha uchovu kwa muda na vinapandisha presha. Mirungi, mbali na kwamba hapa Tanzania ni kosa la jinai, humfanya mtu ajione mzima wakati ameshachoka, kisha humwangusha ghafla. Na angalieni dawa za mafua: vidonge kama piriton huleta usingizi. Dereva aulize duka la dawa swali moja kila mara: hii inasinzisha?

Hapa mke ana taarifa ambayo hata daktari hana. Kama mzee anakoroma sana, kisha anakaa kimya kama amesahau kupumua, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu, mwambie. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mwenye nao analala saa nane na bado anasinzia kwenye usukani, na unakwenda pamoja na presha ya juu. Una tiba, lakini lazima kwanza aujue, na anayeuona ni wewe unayelala pembeni.

Simu ya nyumbani

Hili ni letu sisi tuliobaki. Tunapiga saa yoyote. Tukikosa kujibiwa tunapiga tena, na tena, mpaka apokee akiwa anashuka Kitonga na mkono mmoja.

Pangeni saa za kuongea, na mzishike. Kwa mfano asubuhi kabla hajaondoka na usiku akishapaki. Katikati ya hapo tumeni ujumbe wa sauti, atausikiliza akisimama. Mtoto akitaka kumwonyesha baba alichochora, piga picha, itasubiri.

Na habari nzito zina wakati wake. Ada imeisha, mwenye nyumba amekuja, mtoto ana homa: kama si jambo linalomtaka aamue saa hiyo, subiri awe amezima gari. Mtu aliyepewa habari mbaya akiwa kwenye usukani anaendesha kwa macho tu, akili imesharudi nyumbani. Likiwa la dharura kweli, mtumie neno moja mlilokubaliana, mfano "paki", naye akiliona kwenye kioo atafute pa kusimama ndipo apige.

Watoto nao wanamhitaji. Bandikeni ramani ukutani na kila usiku mtoto aweke alama baba alipolala: Mikumi, Mafinga, Tunduma, Mpika, Ndola. Ni somo la jiografia, na ni njia ya baba kuwepo mezani.

Miguu na mgongo

Kukaa saa nyingi kunazuia damu kurudi vizuri kutoka miguuni, ndiyo maana inavimba. Kila baada ya saa mbili hadi tatu ashuke, akague matairi na kamba za turubai kwa kutembea kulizunguka gari lote mara tatu, ainuke kwa vidole vya miguu mara 20. Kwenye foleni ya mpaka, ambako gari linasogea mita chache kwa saa, nafasi ya kutembea ipo tele.

Uvimbe wa miguu yote miwili unaopungua akilala mara nyingi ni wa kukaa, ingawa kwa mwenye presha daktari aangalie pia moyo na figo. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye misuli ya nyuma na kuwa wa moto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Pumzi zikianza kukata, ni dharura.

Kwa mgongo, pochi nene itoke mfuko wa nyuma, maana inapindisha nyonga siku nzima. Taulo lililokunjwa liwekwe nyuma ya kiuno. Kushuka kabini asiruke. Ashuke kwa ngazi, uso ukiangalia gari, mikono ikishika.

Mpakani na ng'ambo

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe kwenye pasipoti, na picha yake kwenye simu. Tangu Julai 2016, chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo mwenye cheti halali asikubali kuambiwa kimepitwa na wakati.

Chandarua kidogo cha kufunga kwenye kitanda cha kabini kinafaa kuliko kuziba madirisha. Homa ikija, apimwe malaria kwanza. Akipewa dawa mseto amalize dozi yote ya siku tatu na aile na chakula chenye mafuta kidogo, hata kama siku ya pili anajisikia mzima. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, cha kwake au cha utingo wanaolala kabini moja, kipimwe kifua kikuu. Kwetu vipimo na dawa zake ni bure.

Tuseme na lile tunaloliona aibu. Wiki tano mbali na nyumbani ni nyingi, na miji ya mipakani ina vishawishi vyake. Kondomu kwenye begi si tuhuma, kama vile kizima moto kwenye gari si tuhuma kwamba dereva anapenda kuchoma. Pimeni VVU pamoja, kwa ratiba, siyo baada ya ugomvi. Anayetumia dawa za kufubaza aombe kliniki impe za kutosha safari nzima. Likitokea la kutokea, ipo dawa ya kuzuia maambukizi inayotakiwa kuanza mapema kabisa, kabla ya saa 72 kupita. Akikutwa na ugonjwa wa zinaa, mnatibiwa wote wawili, la sivyo mtaambukizana tena.

Jambo la mwisho la ng'ambo ni barabara yenyewe. Zambia wanapita kushoto kama sisi, lakini ukivuka Kasumbalesa, au Rusumo kwa wanaokwenda Rwanda, magari yanapita kulia. Dereva mwenye usukani wa kulia haoni vizuri mbele anapotaka kulipita gari jingine. Siku ya kwanza asiovateki bila utingo kumwangalizia, na asivuke mpaka akiwa na usingizi.

Jiko la mkaa lisiingie kabini

Juni na Julai, baridi ya Mafinga, Makambako na Mbeya inakata mifupa, na kuna wanaoingiza jiko la mkaa kabini wafunge vioo wapate joto. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta anaona kichwa kizito, analala, na haamki. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halimhakikishii usalama. Mfungie blanketi nzito, soksi na koti. Jiko libaki nje.

Akirudi

Siku ya kwanza mwacheni alale. Msimpokee na orodha ya matatizo mlangoni. Siku ya pili apimwe presha na sukari, dawa zihesabiwe zilizobaki, na akiwa na homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, amwambie daktari ametoka nchi gani. Siku ya tatu ndiyo ya kuzungumza ada na kodi, mkiwa mmekaa.

Begi la Jumatatu kwa kifupi

Dawa za safari nzima na wiki mbili za ziada, zimegawanywa sehemu mbili. Cheti cha homa ya manjano. ORS, vidonge vya maji, dawa ya maumivu, bandeji na glavu. Chandarua, blanketi, taulo la kiuno. Karanga, dagaa, unga wa uji. Dumu la maji na sabuni. Kondomu. Shati la mikono mirefu, maana jua la dirishani linachoma mkono ule ule wa kulia kila siku. Na karatasi yenye jina lake, ugonjwa alionao, dawa anazotumia na namba mbili za nyumbani, ikae na utingo.

Ukitaka kumtumia makala haya, mtumie usiku, akishapaki.